Mwongozo Kamili wa Kusafisha na Kuskani Mkanda Wako wa Kwanza wa Filamu

Mkanda wa filamu uliokwisha kupigwa picha umebeba kitu ambacho bado hakionekani. Mwanga ulioingia kupitia lenzi umeacha alama katika chembe za chumvi ya fedha zilizomo kwenye utando wa filamu, na alama hiyo hubaki imejificha mpaka dawa iikuze na kuifanya picha, kazi iitwayo kusafisha filamu. Kati ya siku unayopiga picha ya mwisho na siku unayoiona kwenye kompyuta kuna maamuzi kadhaa, na mengi kati yake hufanywa na mtu mwingine kwa niaba yako usipoyafanya mwenyewe.

Jambo ninaloomba ulishike kabla ya mengine yote ni hili: unachokwenda kukichukua maabara ni negativu, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa, ambayo juu yake penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe. Skani, yaani nakala yake ya kompyuta, ni namna mojawapo ya kuisoma negativu hiyo, na inaweza kurudiwa mwaka huu, mwakani au miaka ishirini ijayo kwa mashine iliyo bora zaidi, ilhali negativu ikishapotea hakuna wa kuirudisha. Nililijua hili kwa uchungu. Mkanda wangu wa kwanza niliupeleka studio, nikalipia kusafisha na kuskani, nikaondoka na mafaili madogo nikiwa na furaha tele. Miezi kadhaa baadaye nilitaka kuichapisha picha ya bibi yangu kwa ukubwa wa kutundika ukutani, na faili halikutosha kabisa. Niliporudi kuziomba negativu niliambiwa zimeshatupwa, kwa kuwa sikuwa nimesema kwamba nazihitaji. Picha ile ninayo mpaka leo, ndogo vilevile.

Kuutoa mkanda kwenye kamera

Filamu ya milimita 35 huingia kwenye kikopo chake cha chuma au plastiki, na wakati wa kupiga picha hutolewa humo kidogo kidogo na kuzungushwa kwenye roda ya upande wa pili wa kamera. Kwa hiyo picha zikiisha, filamu yote iko nje ya kikopo, na mlango wa nyuma wa kamera ndio pekee unaoikinga na mwanga. Usiufungue mlango huo kabla hujairudisha filamu ndani ya kikopo. Kamera nyingi zenye mota huirudisha zenyewe picha ya mwisho ikishapigwa. Utasikia mota ikinguruma kwa muda, kisha ikinyamaza.

Kwenye kamera isiyo na mota, inayozungushwa kwa mkono, bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kunjua kishikio cha kurudishia kilicho juu upande wa kushoto, halafu kizungushe polepole kufuata mshale uliochorwa hapo. Vidole vitahisi uzito mdogo usiobadilika, kama unavuta uzi mrefu. Filamu inapokaribia kwisha, uzito huo huongezeka kidogo, kisha huachia ghafla: ulimi wa filamu, yaani ncha yake ya mwanzo, umechomoka kwenye roda, na kishikio sasa kinazunguka kitupu. Ukiwa mahali tulivu utausikia pia mkwaruzo wake. Endelea kuzungusha mara kumi hivi ili ulimi wote uingie ndani ya kikopo. Wapo wanaopenda kuuacha ulimi nje kwa sababu humrahisishia kazi msafishaji, lakini kwa mkanda wa kwanza nashauri uingie wote, maana kikopo chenye ulimi nje hufanana kabisa na filamu mpya, na watu wengi wamepiga picha juu ya picha kwa kosa hilo.

Kishikio kikigoma, usikilazimishe. Huenda filamu imekatika au matundu yake ya pembeni yamechanika. Ipeleke kamera yote maabara, ueleze kilichotokea, nao wataifungua gizani. Na kama uliufungua mlango kwa bahati mbaya, ufunge mara moja na uendelee kuirudisha filamu. Picha za karibuni, zile zilizokuwa wazi au juu ya roda, zitakuwa zimeungua, lakini zile za mwanzo zilizo ndani zaidi ya mzunguko mara nyingi husalimika kwa kiasi fulani. Isafishwe tu.

Filamu ya 120, ile pana inayotumiwa na kamera kubwa, haina kikopo wala hairudishwi. Yenyewe huhamia kwenye roda ya pili ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyuma. Itoe kivulini, ikaze isilegee, na uifunge kwa ule utepe wake wa gundi.

Filamu iliyokwisha kupigwa isikawie. Alama ya mwanga ndani yake hufifia taratibu, na joto huharakisha kufifia huko, kwa hiyo kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuiharibu. Ikibidi isubiri, iweke kwenye jokofu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na siku ya kuitoa iache ifikie joto la chumba kabla ya kukifungua chombo, ili umande usitue juu yake.

Soma maandishi ya kikopo kabla hujauliza bei

Kuna aina kadhaa za usafishaji, na haziwezi kubadilishana. Jina la ile inayohitajika huandikwa kwenye kikopo au kwenye sanduku. Filamu nyingi za rangi husafishwa kwa C-41, utaratibu ulioletwa na Kodak mwaka 1972 na ambao sasa hutumiwa na watengenezaji wote wa negativu za rangi. Filamu za slaidi, zinazotoa picha chanya ya kutazamwa moja kwa moja kwenye mwanga, huhitaji E-6. Slaidi ikitiwa kwenye dawa ya C-41 hutoka kama negativu yenye rangi za ajabu na utofauti mkali wa mwanga na kivuli. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, lakini usikubali kufanyiwa bila kuombwa ridhaa.

Filamu za nyeusi na nyeupe zina dawa zake, na hapa pana mtego mmoja. Ilford XP2 Super hutoa picha nyeusi na nyeupe, lakini imetengenezwa isafishwe kwa C-41. HP5 Plus ya kampuni hiyohiyo husafishwa kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, na ikitiwa kwenye mashine ya C-41 hutoka tupu kabisa, kwa sababu dawa za hatua za baadaye huondoa fedha yote, nayo fedha ndiyo iliyokuwa picha yenyewe.

Aina ya nne ni filamu za sinema zilizokatwa na kutiwa kwenye vikopo vya kawaida, ambazo husafishwa kwa ECN-2. Nyingi kati yake zimekuwa zikitengenezwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni, na tabaka hilo likiingia kwenye mashine ya C-41 hubanduka, huchafua dawa na kuganda kwenye filamu za wateja wengine. Ukiona ECN-2 kwenye kikopo, sema mapema. Na ukikuta Kodachrome, filamu ya slaidi ya zamani ya Kodak, kwenye droo ya wazee wako, ujue kwamba usafishaji wake wa rangi ulikoma: maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya Kansas nchini Marekani, iliacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Leo huweza tu kusafishwa kama nyeusi na nyeupe.

Kumbuka pia kasi ya filamu uliyoiweka kwenye kamera, yaani namba ya ISO inayoonyesha wepesi wa filamu kuitikia mwanga. Kama filamu ni ya ISO 400 nawe uliiweka 400, hakuna la kuongeza. Kama uliipiga kana kwamba ni ya 1600, umeinyima mwanga kwa hatua 2 (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na maabara wanapaswa kuambiwa ili waongeze muda wa kukuza picha, kazi ambayo wao huiita kupushi. Picha zitatoka na chembechembe zilizo wazi zaidi na vivuli vizito, lakini zitatoka. Kosa la upande wa pili, la kuipa negativu ya rangi mwanga wa hatua 1 zaidi, halihitaji marekebisho yoyote, kwa kuwa filamu hizo huvumilia sana mwanga uliozidi. Slaidi hazina uvumilivu huo.

Kuchagua maabara na kuandika maagizo

Swali la kwanza la kuuliza ni wanasafisha aina yako ya filamu hapohapo au wanaipeleka kwingine, na kila baada ya siku ngapi. Dawa ya kukuza hubaki katika hali yake njema pale inapotumika na kuongezewa mara kwa mara, lakini ikikaa bila kazi huchoka. Mahali penye kazi nyingi, kwa hiyo, ndipo kwa kawaida penye matokeo yasiyoyumba. Swali la pili ni kama negativu zinarudishwa, na kwa muda gani wanazihifadhi kabla ya kuzitupa. La tatu ni ukubwa wa skani kwa pikseli. Jibu la “ubora wa juu” halitoshi; omba namba. Ukiweza kwenda mwenyewe, omba kuona negativu waliyoisafisha karibuni, uiangalie ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga: isiwe na michirizi ya urefu, alama za vidole wala madoa ya maji yaliyokauka.

Ikiwa utaituma filamu mbali au utasafiri nayo kwa ndege, iweke kwenye mzigo wa mkononi, kamwe usiiweke kwenye mizigo ya chini. Mashine mpya za ukaguzi zinazotumia teknolojia ya CT, yaani eksirei kali inayoupiga mzigo kutoka pande zote, huweza kuitia filamu ukungu wa kufifisha picha kwa kupita mara moja tu, na filamu zenye kasi kubwa huathirika zaidi. Omba kwa upole ikaguliwe kwa mkono, nawe uwe umevitia vikopo vyote kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani.

Maagizo yawe ya maandishi. Mimi hubandika karatasi ndogo kwenye kikopo na kuandika kwa kalamu isiyofutika, kwa mfano: “C-41, ISO 400, bila kupushi, skani JPEG upande mrefu usiopungua pikseli 3,400, kata vipande vya picha 6, negativu zirudishwe.” Hapo chini huongeza jina na namba ya mkanda, halafu hukipiga picha kikopo kabla ya kukikabidhi. Maneno hayo machache huondoa karibu kila sababu ya kutoelewana.

Kinachofanyika nyuma ya mlango

Si lazima ujue kemia yote, lakini kujua kidogo kutakusaidia kuzisoma negativu baadaye. Katika C-41 filamu huingia kwenye dawa ya kukuza yenye joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, na joto hilo halitakiwi kuyumba hata nusu nyuzi, kwa kuwa matabaka ya rangi hayaathiriki kwa kiasi kimoja. Dawa zinazofuata huiondoa fedha yote, zikabakiza rangi tu. Kwenye nyeusi na nyeupe, joto linalotumika zaidi ni nyuzi 20, na muda hutegemea filamu na dawa kwa pamoja. HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, kwa mfano, huchukua dakika 7 na nusu. Hapo fedha hubaki kwenye filamu, na jambo hilo lina maana yake kwenye skani, kama utakavyoona.

Skani: uamuzi ulio mkononi mwako

Picha moja ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ikiskaniwa kwa nukta 1,200 kwa inchi hutoa faili la takriban pikseli 1,700 kwa 1,130, ambalo ni chini ya megapikseli 2. Linatosha kwa skrini ya simu na si zaidi sana ya hapo. Kwa nukta 2,400 utapata kama pikseli 3,400 kwa 2,270, karibu megapikseli 8, na faili hilo likichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha safi yenye upana wa sentimita 28 hivi. Kwa nukta 4,000 utafikia megapikseli 21, na hapo utaanza kuzisoma chembechembe za filamu yenyewe. Kwa mkanda wa kwanza ningechagua kiwango cha kati. Kile kikubwa nakiacha kwa picha mbili tatu utakazozipenda kweli, maana ukiwa na negativu unaweza kuzirudisha zikaskaniwe upya.

Faili la JPEG ni dogo na hufunguka popote. TIFF ya biti 16 huhifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi na vivuli, lakini picha moja ya nukta 2,400 hufikia takriban megabaiti 46. Iombe ikiwa utazihariri picha kwa uzito. Vinginevyo JPEG iliyoskaniwa vizuri inatosha.

Kisha kuna rangi, na hapa wanaoanza huvunjika moyo bila sababu. Negativu ya rangi ina msingi wa rangi ya chungwa, na mashine ya skani hulazimika kuuondoa, kuigeuza picha, kisha kukisia nyeupe ni ipi na nyeusi ni ipi. Makisio hayo hutofautiana kati ya mashine na mashine, na kati ya mtu na mtu. Nimewahi kupeleka negativu moja sehemu mbili: ya kwanza ilirudi na ngozi ya kijani kibichi kidogo, ya pili ikarudi na joto la jioni, ilhali picha ilipigwa saa sita mchana. Filamu haikuwa na kosa. Ukiona rangi hazikuridhishi, omba skani isiyoongezwa ukali wala utofauti, yenye vivuli na weupe wote ndani yake. Itaonekana imepooza, lakini itakuachia nafasi ya kurekebisha.

Skana nyingi zina mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotambua vumbi na mikwaruzo na kuifuta kwa programu. Njia hiyo hufanya kazi vizuri kwenye negativu za rangi na XP2, kwa kuwa rangi huupitisha mwanga huo. Kwenye nyeusi na nyeupe ya kawaida, fedha iliyobaki huuzuia, na programu huiona picha yenyewe kuwa ni uchafu. Ukipokea skani za nyeusi na nyeupe zenye kingo zilizopakwapakwa kama nta, uliza kama infraredi iliachwa ikiwa imewashwa.

Ukiamua baadaye kuskani nyumbani, unaweza kutumia skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, skana ndogo maalumu ya filamu, au kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana) juu ya kisanduku cha mwanga mweupe. Njia yoyote utakayoishika, pulizia vumbi kabla ya kila kipande, vaa glavu za pamba, na hakikisha filamu imelala bapa. Upande unaong'aa ni mgongo. Upande uliofifia ndio wenye picha, nao ndio unaochubuka kwa urahisi.

Negativu zikirudi, zisome

Kabla ya kufungua mafaili, chukua kipande kimoja kwa kingo zake, ukiinue kuelekea dirishani. Juu na chini ya picha, kando ya matundu, utaona jina la filamu na namba za fremu, yaani za kila picha. Maandishi hayo huwekwa kiwandani kwa mwanga na hutokea wakati wa kusafisha, kwa hiyo ni shahidi asiye na upande. Yakiwa wazi na meusi huku katikati pakiwa patupu, usafishaji ulikuwa sawa, ila hakuna mwanga uliofika kwenye filamu: pengine haikushika kwenye roda tangu mwanzo, au shata, pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga uingie, haikufunguka. Kama filamu nzima ni angavu na maandishi nayo hayapo, kosa liko kwenye dawa, na una haki ya kuuliza. Ikiwa nyeusi yote pamoja na kingo, iliingiwa na mwanga mahali fulani.

Negativu nyembamba, ile inayokaribia kuwa angavu, ilikosa mwanga, na skani yake itakuwa na vivuli vya kijivu chenye vumbivumbi ambavyo hakuna programu itakayovijaza. Negativu nzito ilipata mwanga mwingi, na mara nyingi huokoka. Weusi unaoingia kutoka ukingoni mahali palepale kwenye kila fremu, ambao kwenye skani huwa mwako wa chungwa au mweupe, humaanisha sponji za mlango wa kamera zimeoza na zibadilishwe. Fremu zinazopandiana ni ugonjwa wa gia za kusogezea filamu. Kwenye slaidi, geuza maelezo: angavu ni mwanga uliozidi, nyeusi ni mwanga uliokosekana.

Ili usibahatishe siku ya kuweka mkanda wa pili, tazama kishikio cha kurudishia kila unaposogeza filamu. Kikizunguka chenyewe kidogo, filamu inatembea. Kisipozunguka hata baada ya picha mbili tatu, haijashika.

Kuhifadhi

Vipande viwekwe kwenye vifuko vya polipropilini au karatasi isiyo na asidi. Vifuko vya PVC viepukwe, maana hutoa mvuke unaoharibu filamu kadiri miaka inavyokwenda. Faili la vifuko lisimamishwe wima mahali pakavu na penye ubaridi wa wastani, mbali na ukuta unaovuta unyevu, kwa sababu kuvu hula utando wa picha na alama zake hazifutiki. Mafaili ya skani yawe na nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, visivyokaa chumba kimoja.

Mwisho, upe kila mkanda namba. Andika namba hiyo kwenye kifuko pamoja na mwezi, kamera na filamu uliyotumia, halafu uiweke namba ileile mwanzoni mwa jina la folda na la kila faili, ikifuatiwa na namba ya fremu iliyosomeka kwenye ukingo. Siku mtu wa nyumbani atakapoomba picha ya ukutani, utatazama jina la faili, utafungua kifuko chenye namba hiyo, na utakitoa kile kipande kimoja chenye fremu unayoitaka bila kuvigusa vingine.